Nepia yaweza kusafisha udongo, lakini isilishwe ng'ombe

Jaa la taka la Gioto liko kwenye mteremko ulio juu ya jiji la Nakuru, ilhali Ziwa Nakuru liko bondeni. Ziwa hilo halina mto unaotoka; sumu inayosombwa na mvua hadi humo haina pa kwenda.

Wanasayansi wanasema udongo wenye sumu waweza kutibiwa kwa mimea na bakteria. Kwa mafuta machafu ya gereji, bakteria wa udongoni hutosha: huyala na kuyavunjavunja, mradi wapate hewa, unyevu na samadi kidogo. Risasi na kadimiamu, zitokazo katika betri chakavu na makopo ya rangi, ni kisa kingine. Hizo ni elementi, hazivunjiki. Bakteria huweza tu kuzilegeza ili mizizi izifyonze.

Hapo ndipo nepia inapofaa, kwa kuwa hukua upesi na kukatwa mara kadhaa kwa mwaka. Lakini risasi nyingi hukwama mizizini, hivyo kazi huchukua miaka mingi. Kadimiamu hupanda hadi majanini, na ng'ombe akiyala, hujikusanya katika maini na figo zake.

Tatizo ni kwamba katika Bonde la Ufa nepia ni chakula cha ng'ombe wa maziwa, na wakati wa kiangazi hukatwa popote ionekanapo. Nyasi za kusafishia udongo sharti zizungushiwe ua, zichomwe kama kuni katika tanuri lenye kichujio cha moshi, na majivu yake yasitiwe shambani kamwe.