Tuvalu: Safari ya Mbali kwa Mfuko Mwepesi

Katika Bahari ya Pasifiki, kusini kidogo ya ikweta, ipo nchi ya visiwa 9 ambavyo ardhi yake yote, ikijumlishwa, ni kilomita za mraba 26 tu. Nchi hiyo ni Tuvalu. Wananchi wake ni kama elfu kumi hivi, na zaidi ya nusu yao huishi Funafuti, makao makuu ya serikali. Zamani za utawala wa Waingereza iliitwa Visiwa vya Ellice. Ilijipatia uhuru tarehe 1 Oktoba 1978, na mwaka 2000 ikajiunga na Umoja wa Mataifa.

Wageni wafikao huko ni wachache mno, lakini msafiri mwenye fedha kidogo asidhani kwamba uchache huo umeleta urahisi wa bei. Mchele, unga, mafuta na takriban kila kitu cha dukani huletwa kwa meli kutoka mbali. Hata hivyo, gharama iliyo kubwa kuliko zote ni nauli. Ndege hutoka Fiji mara chache tu kwa juma, na safari kutoka Suva huchukua kama saa mbili na nusu. Yafaa basi tiketi ikatwe mapema, na msafiri ajiwekee siku kadhaa za ziada, kwa kuwa ndege ikiahirishwa hakuna njia nyingine ya haraka ya kuondoka. Aidha, aulize mapema masharti ya kupita Fiji.

Fedha itumikayo ni dola ya Australia. Mashine za benki za kutolea fedha zilifika nchini kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Hata hivyo, ni busara kwenda na fedha taslimu za kutosha.

Akishafika, matumizi yaweza kupungua sana. Zipo nyumba za wageni zinazoendeshwa na familia, nazo hazigharimu kama hoteli. Kisiwa kikuu, Fongafale, ni chembamba kiasi kwamba mahali pengi hufikiwa kwa miguu. Chakula cha mwenyeji ni samaki, hasa jodari, pamoja na nazi, mashelisheli, na pulaka, zao la jamii ya magimbi lilimwalo katika mashimo yaliyochimbwa hadi kwenye unyevu. Mtu wa pwani yetu hatashangaa kuona minazi ikigemwa. Jioni, burudani haina kiingilio: uwanja wa ndege, uliojengwa na Wamarekani mwaka 1943 wakati wa vita, hugeuka kiwanja cha mpira na matembezi. King'ora kikilia, watu huondoka kuipisha ndege.

Atakaye kuviona visiwa vingine hana budi kupanda meli, kwa kuwa Funafuti pekee ndiyo yenye uwanja wa ndege. Wasafiri wengi hulala sitahani. Hivyo mkeka na chakula cha akiba ni vitu vya lazima, na subira pia, maana ratiba hufuata hali ya bahari.

Lakini lipo jambo moja ambalo mgeni akilisahau, hasara huwa ya mwenyeji. Tuvalu haina mito. Maji ya kunywa ni ya mvua, yakingwayo mapaani na kuhifadhiwa katika matangi. Mwaka 2011 mvua ilikosekana, serikali ikatangaza hali ya hatari, na nchi jirani zikapeleka mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari. Kwa hiyo mgeni aogaye muda mrefu anakunywa maji ya watoto wa nyumba hiyo. Kadhalika taka: ardhi ya kuzitupia haipo. Betri na plastiki alizokuja nazo na arudi nazo.

Bahari nayo inazidi kuisonga ardhi hiyo, ambayo hata palipoinuka zaidi hapafiki mita 5. Mwaka 2021 waziri wa mambo ya nje, Simon Kofe, aliuhutubia mkutano wa dunia kuhusu hali ya hewa akiwa amesimama ndani ya maji ya bahari. Mkataba na Australia, ulioanza kutumika mwaka 2024, unawaruhusu hadi watu 280 kwa mwaka kwenda kuishi huko. Wakati huohuo, wananchi wanajaza mchanga ufukweni Funafuti ili kupata ardhi iliyoinuka, kwa kuwa wengi hawataki kuhama.

Siku ya Jumapili ni ya ibada na mapumziko. Msafiri avae kwa heshima, asalimie kwa neno "talofa" na kushukuru kwa "fakafetai". Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huko Tuvalu jembe la mgeni ni kata ya maji: aitumie kwa kiasi, naye atakuwa amewasaidia wenyeji wake.