Pilipili boga hupasukia usiku

Mvua kubwa za kwanza za masika zikishuka Kizimkazi, kusini mwa Unguja, mwenye bustani ya pilipili boga (bara wanaziita hoho) hana raha. Jioni tunda lilikuwa zima, limeanza kupiga wekundu. Alfajiri analikuta limechanika kuanzia kwenye kikonyo, ufa wazi hadi mbegu zinaonekana. Lawama zote hubebeshwa jua. Jua lina mkono wake, lakini mpasuaji hasa ni maji, na kazi hiyo huifanya usiku.

Ganda la pilipili halina vitundu vya kupumulia kama vya jani. Limepakwa utando wa nta, kwa hiyo maji yakishaingia hayatoki upesi. Mchana majani huvuta maji mengi na kuyatoa kama mvuke, nalo tunda hunywea kidogo. Usiku majani hufunga vitundu vyake, hewa imejaa unyevu, na mizizi bado inasukuma maji juu, tunda linafura. Likiwa changa, ganda hunyumbulika. Likikomaa hukaza, na nyama ikivimba ghafla, linaachia.

Kizimkazi balaa huzidi kwa sababu ya ardhi. Vijiji vyake, Dimbani na Mkunguni, ni maweni, jiwe la matumbawe, jamii moja na lile lililojengewa msikiti wa Dimbani wenye maandishi ya mwaka 1107. Udongo ni haba, umejikusanya kwenye vishimo vya jiwe, na maji hayakai. Jua la siku chache tu huukausha. Mvua ikija, mche uliokuwa na kiu hunywa kwa mkupuo. Visima vya karibu na bahari navyo vina chumvi, na chumvi huuzuia mche kupata kalsiamu ya kutosha, madini yanayoimarisha kuta za seli.

Dawa yake si kumwagilia sana, ni kumwagilia bila kuruka siku: kidogo kidogo, asubuhi, shina likiwa limetandazwa majani makavu. Usiache matunda mawili matatu tu kwenye mche, maana yatagawana maji yote. Mawingu yakitanda, chuma yaliyoanza kubadilika rangi.

Na kula je? Vile vimistari vya kahawia kwenye ganda, vikavu kama gome, ni makovu yaliyopona, havidhuru. Mexico wapo wanaozipenda jalapeño zenye michirizi hiyo. Ni hasara kutupa tunda kwa kovu, hasa pilipili, ambayo mwanasayansi Albert Szent-Györgyi aliitumia huko Hungaria kupata vitamini C kwa wingi, akatunukiwa Nobeli mwaka 1937.

Ufa ulio wazi ni jambo jingine. Tunda hilo lipikwe siku hiyohiyo. Ukilipasua ukakuta ukungu mweusi au wa kijivu kwenye mbegu, tupa lote. Wala usilianike ukidhani jua litalisafisha: sumu za baadhi ya kuvu, yaani sumukuvu, haziondoki kwa jua wala kwa moto wa jikoni.