Doa kwenye kiti cha gari: Liwahi kabla halijakomaa

Safari ya familia siku ya Jumapili haikosi kuacha alama kwenye viti vya gari. Mtoto mmoja atamwaga maziwa, mwenzake afute kitini vidole vilivyojaa mafuta ya chipsi, naye baba aingie na matope mekundu ya Kiambu viatuni. Mkifika nyumbani kila mtu hushuka, milango ikafungwa na doa likaachwa lingoje Jumamosi.

Hapo ndipo mambo huharibika. Gari likishinda juani, joto la ndani huyakausha maziwa yakashikamana na nyuzi za kitambaa, nayo harufu ikazama hadi kwenye sponji. Siku utakapotaka kuliuza gari hilo, mnunuzi atafungua mlango, anuse, kisha aanze kupunguza bei kabla hata ya kusikia injini ikinguruma.

Kanuni ya kwanza ni kunyonya, si kusugua. Bonyeza kitambaa safi cheupe juu ya doa, ukianzia pembeni kuelekea katikati. Ukisugua utalieneza. Pili, dawa yoyote ijaribu kwanza mahali pasipoonekana, ungoje pakauke ndipo uitumie.

Baada ya hapo, msomaji, jiulize: doa hili ni la nini?

MAZIWA, DAMU NA MAYAI: Tumia maji baridi pekee. Maji moto huyagandisha kitambaani jinsi yai linavyoganda kwenye sufuria. Kijiko kidogo cha sabuni ya unga katika lita moja ya maji chatosha. Sabuni ikizidi hubaki ndani ya kitambaa na kuvuta vumbi.

MAFUTA: Haya ni pamoja na mafuta ya nywele ambayo huacha duara jeusi pale pa kuegemeza kichwa. Nyunyiza poda ya watoto, uiache nusu saa inyonye, kisha uipanguse kwa brashi. Malizia na matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo.

CHAI NA SHARUBATI: Changanya vikombe viwili vya maji baridi, kijiko kimoja cha siki nyeupe na matone ya sabuni ya vyombo. Chovya kitambaa, kamua, kisha bonyeza.

MATOPE: Hapa usiwe na haraka. Yaache yakauke kabisa, uyapanguse, ndipo uoshe kwa sabuni. Wekundu wa udongo wetu unatokana na kutu ya chuma, na Jik haiiondoi kutu. Huenda hata ikalifanya doa ligande zaidi.

CHINGAMU NA WINO: Weka barafu ndani ya mfuko wa plastiki juu ya chingamu hadi iwe ngumu, kisha uibanduе kwa kijiko butu. Wino wa kalamu hutolewa kwa spiriti ya kusafishia vidonda, ukibonyeza kidogo kidogo na kubadilisha upande wa kitambaa.

MATAPISHI: Yazoe, ubonyeze kwa maji baridi, kisha unyunyize bikaboneti ya soda, ile inayotiwa katika keki. Ikae saa kadhaa ivute harufu kabla ya kuipangusa.

Kuna mambo ambayo hufai kujaribu asilani. Wapo watu wanaotoa madoa kwa petroli. Mvuke wake ndani ya gari lililofungwa hulevya, na cheche moja yatosha kuliteketeza gari pamoja na aliyemo. Vilevile, usichanganye Jik na siki wala dawa yenye amonia, kwa maana mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Mikanda ya usalama nayo iosheni kwa sabuni hafifu tu. Jik hudhoofisha nyuzi zake, na mkanda dhaifu hautamshika mwanao siku ya ajali.

Jihadhari pia na kumwagia kiti maji kwa ndoo. Magari mengi ya kisasa yana nyaya za mifuko ya hewa chini ya viti, aghalabu zenye viunganishi vya rangi ya manjano. Isitoshe, sponji iliyolowa huota kuvu, na familia ikawa inavuta hewa hiyo kila asubuhi. Ukimaliza, kamua maji kwa taulo kavu na uache milango wazi penye upepo hadi kiti kikauke hadi ndani.

Maelezo haya ni ya viti vya kitambaa. Vya ngozi vipanguse kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni hafifu, kisha uvikaushe mara moja.

Basi kabla ya safari ijayo, tia ndani ya buti kitambaa cheupe, chupa ya maji na brashi laini. Dakika tano za kando ya barabara zitakuokoa na kazi ya siku nzima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.