Umelipia, Halafu Anakubadilikia! Songea na Penzi la Ving'amuzi

Jioni ukipita Lizaboni, Mfaranyaki au Bombambili, hebu inua macho uangalie mapaa ya hapa Songea. Madishi! Mengine mapya yanang'aa, mengine yameshika kutu, mengine yamegeukia upande ambao hakuna tena anayerusha kitu chochote. Hayo ya kutu ndiyo nataka tuyaongelee leo, maana kila moja lina historia ya mtu aliyeamini, akalipa, halafu akabadilikiwa.

Usicheke. Kulipia king'amuzi kila mwezi ni uhusiano kama uhusiano mwingine wowote. Mwanzoni unabembelezwa: ofa, dishi la bei poa, mwezi wa kwanza bure, fundi anakuja mpaka nyumbani na tabasamu. Ukishazoea, watoto wakishajua vipindi vyao, na wewe mama ukishajua tamthilia yako inaanza saa ngapi, ndipo masharti yanaanza kubadilika. Bei inapanda. Chaneli uliyoipenda inahamishiwa kifurushi cha juu. Au unawasha luninga asubuhi unakuta kioo cheusi na maandishi mawili matatu, basi.

Na kuachana si rahisi. King'amuzi cha kampuni moja hakifungui matangazo ya kampuni nyingine, na mara nyingi satelaiti nazo ni tofauti. Ukitaka kuhama unanunua king'amuzi kipya, unamwita fundi apande tena kwenye bati ageuze dishi, unalipia na kifurushi juu yake. Wafanyabiashara wanalijua hilo vizuri sana. Ndiyo maana kifaa kinauzwa kwa bei ya kutupwa halafu hela inatafutwa kwako mwezi hadi mwezi.

Kidonda cha kwanza kikubwa kwa watu wengi wa Afrika kiliitwa GTV. Hii ilikuwa kampuni yenye makao London, iliyoingia mwaka 2007 kwa kishindo baada ya kuchukua haki za kuonyesha sehemu kubwa ya mechi za Ligi Kuu ya Uingereza katika nchi za kusini mwa Sahara. Kabla ya hapo, mwenye kutaka kuiona Manchester United au Arsenal sebuleni kwake alikuwa hana ujanja, ni DStv, na DStv enzi hizo ilikuwa ya wenye nazo. Sisi wengine tulikuwa wateja wa kibanda umiza, tunabanana kwenye mabenchi na jasho la mwenzako linakudondokea begani. GTV ikaja na bei ya mtu wa kawaida. Watu wakanunua, wengine kwa mkopo, na wenye mabaa wakafunga. Halafu tarehe 30 Januari 2009, katikati ya msimu, kampuni ikatangaza kufilisika na matangazo yakazimwa.

Hapo hakukuwa na wa kumgombeza. Kampuni ikishafilisika, mteja aliyelipa mapema anasimama kwenye mstari wa wadai pamoja na mabenki yenye mawakili, na mstari wenyewe uko Ulaya. Sasa mama wa Matarawe aliyelipia miezi mitatu mbele ataanzia wapi? Mpira ukarudi kulekule ulikotoka, na dishi likabaki juu kuanikia maharage.

Lakini kisa kilichouma zaidi hapa kwetu, kwa maoni yangu, ni cha Agosti 2018. Mambo yalikuwa hivi. Tangu mitambo ya analojia ianze kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kuona luninga bila king'amuzi kulikwisha. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikaweka utaratibu: ving'amuzi vya antena, yaani Startimes, Ting na Continental, vilitakiwa kuonyesha chaneli za bure za hapa nyumbani, kama ITV, Channel Ten, EATV na Star TV, hata kama kifurushi cha mteja kimekwisha. Wenye madishi, yaani Azam, DStv na Zuku, leseni zao zilikuwa za aina nyingine, za chaneli za kulipia tu. Ila nao walikuwa wamezibeba hizo za bure kwenye vifurushi vyao, na wateja walikuwa wanalalamika kwamba wanalipishwa kitu ambacho ni bure. Mamlaka ikawabana. Na dawa yenyewe ikawa kuziondoa kabisa kwenye madishi!

Ebu fikiria, shosti. Malalamiko yalikuwa "tunataka tuone bure", jibu likawa "basi hamtaona hata kwa kulipia". Pale Dar mtu alinunua antena na king'amuzi cha pili, maisha yakaendelea. Huku je? Antena inahitaji kuwa jirani na mnara wa kurushia, na mkoa wetu ni wa milima na mabonde na umbali wa kukatisha tamaa. Mtu wa vijiji vya Mbinga au wa huko ndani Tunduru alinunua dishi kwa sababu antena haikumfaa. Kwake yeye, kuondolewa chaneli hizo kulikuwa ni kukosa taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Na hasira ilimwangukia nani? Kampuni, bila shaka, maana ndiyo inayopokea hela. Kampuni nazo zikaonyesha kidole kwa mamlaka, mamlaka ikaonyesha leseni. Wenye vituo vya televisheni wakalia kwamba wanapoteza watazamaji, na matangazo ya biashara hufuata watazamaji. Baadaye mambo yalilegezwa na chaneli nyingi kati ya hizo zikarudi kwenye madishi. Ila mwaka huohuo wa 2018 ulikuwa mgumu kwa Songea kwa namna nyingine pia: Majimaji FC, Wanalizombe wetu, walishuka daraja. Tangu hapo, kuiona timu yetu kwenye ligi kuu pale Uwanja wa Majimaji na kamera zikiwa zimezunguka kukaisha. Sasa unalipia kifurushi kuangalia Simba na Yanga wa watu.

Tuingie ndani ya nyumba kidogo, maana ndiko vurugu linakoishia. Azam TV ilianza kurusha matangazo Desemba 2013, na mwaka 2021 kampuni yake ilisaini na TFF mkataba wa miaka kumi wa ligi kuu wenye thamani ya Sh225.6 bilioni. Kwa hiyo baba hawezi kuihama hata akinuna. Mama naye alinasa zamani kwenye tamthilia, hasa zile za Kituruki zilizowekewa sauti za Kiswahili, ile ya Sultan ikiwa kinara. Sasa bei ikipanda, au chaneli ya mmoja ikihamishwa kwenda kifurushi cha juu, nani anajitoa? Nijuavyo, nyumba nyingi hazijawahi kulikalia kikao hilo. Baba analipia siku ya mechi, mama anakopa kwenye hela ya mboga ili asipitwe na sehemu ya mwisho, na mwisho wa mwezi kila mmoja anamwona mwenzake mfujaji. Kaka zangu, semeni ukweli: ni mara ngapi mmesema hela hakuna, halafu Jumapili king'amuzi kikafunguka chenyewe?

Tatizo lingine ambalo makampuni hayalijui, au yanajifanya hayalijui, ni kwamba hela ya huku haiji kila tarehe 30. Mkulima wa mahindi anauza msimu, wa kahawa kule Mbinga naye anasubiri msimu. Kifurushi cha mwezi kimetengenezwa kwa ajili ya mwenye mshahara. Ndiyo maana vifurushi vya siku na vya wiki vilipendwa. Kampuni ikivifuta, au ikipandisha bei Februari wakati ghala limebaki na vumbi, isishangae madishi yakizimika.

Na wateja wakiamua kuzima kweli, mkubwa anatikisika. Julai 2011 kule Marekani, Netflix ilitenganisha huduma ya kukodisha DVD kwa posta na ile ya kuangalia kwa intaneti. Aliyezitaka zote akatoka kulipa dola 9.99 kwa mwezi hadi 15.98. Septemba bosi wake, Reed Hastings, akaomba radhi, lakini papo hapo akasema biashara ya DVD itapewa jina jipya, Qwikster. Mtu anaomba msamaha huku anaongeza kosa! Katika miezi mitatu wakaondoka wateja laki nane, na Oktoba jina hilo likazikwa kabla halijaanza kazi.

Jirani zetu wa Malawi, ng'ambo ya ziwa ukiwa Mbamba Bay, walipitia njia nyingine. Mwaka 2023 MultiChoice, wenye DStv, walitangaza kupandisha bei. Mamlaka ya mawasiliano ya kule ikaenda mahakamani na amri ikatoka kuizuia. Agosti kampuni ikajibu kwamba basi inaisitisha DStv nchini humo. Yaani mteja alipiganiwa, akashinda, halafu akaambiwa king'amuzi kitazimwa. Sheria inaweza kumzuia mtu asikupandishie bei. Kumlazimisha akae na wewe ni kazi nyingine.

MultiChoice wenyewe hawakubaki salama. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2025 walipoteza wateja wapatao milioni 1.2 barani, wakabaki milioni 14.5, na Septemba mwaka huohuo kampuni ikaingia mikononi mwa Canal+ ya Ufaransa. Ugumu wa maisha, sarafu zilizoporomoka na simu zenye intaneti vilichangia, lakini uchovu wa kupandishiwa bei nao umo.

Sasa wewe ukibadilikiwa, usiishie kutukana rimoti. Tunza meseji ya malipo. Usilipie miezi mingi mbele kwa sababu ya ofa, wale wa GTV watakusimulia. Lalamika kwanza kwa kampuni yenyewe, na uombe namba ya lalamiko; wasipokujibu vizuri, peleka TCRA, na kuna Baraza la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, TCRA-CCC, ambalo lipo kwa ajili ya kumsemea mteja. Lalamiko la maandishi lenye tarehe na risiti lina nguvu kuliko kelele za kijiweni. Kabla hujahama, muulize jirani wa mtaa uleule anakamata nini na vizuri kiasi gani, si muuzaji wa dukani. Na kabla ya yote hayo kaeni wawili, baba na mama, mpange kabisa miezi ipi ya mwaka mtalipia na ipi king'amuzi kitalala, mwenye mpira aseme na mwenye tamthilia aseme, hela ya mboga ikiwa imeshawekwa pembeni.