Siku Mr Bean alipotakiwa kuhutubia

Basi letu lilikuwa limeshaiacha Morogoro, tukielekea Dodoma, konda alipoweka filamu ya Bean, ile ya mwaka 1997, kwenye runinga iliyoning'inia nyuma ya kiti cha dereva. Hakuna aliyehitaji kuambiwa yule ni nani. Watoto walihamia mbele, wakabanana. Bean alipoupigia chafya mchoro wa watu, basi zima liliangua kicheko. Alipoishika chupa ya thina, mama mmoja aliyekaa dirishani alianza kumkataza kwa sauti: we, we, usimwagie!

Kisha ikafika hotuba, na kicheko kikakatika. Watu walirudi kwenye simu zao na karanga zao. Mtoto mmoja akamuuliza baba yake Bean anasema nini. Baba akaitazama runinga kidogo, akajibu, "Anaongea tu."

Jibu hilo limenikaa kichwani. Hotuba ile nimeirudia mara nyingi tangu siku hiyo, kwa sababu naamini ndiyo sehemu bora kuliko zote katika filamu nzima, na ndiyo hiyohiyo iliyolipoteza basi. Katika vipindi 15 vya runinga, vilivyoanza kurushwa Uingereza Januari 1, 1990, Bean alikuwa mtu wa kuguna, kukoroma na kulitaja jina lake kwa sauti ya kooni. Nani alifikiria kumpeleka mtu huyo sinema, amsimamishe mbele ya hadhara, na hatima ya hadithi yote iutegemee ulimi wake?

Tuisogelee hotuba yenyewe. Bean ni mlinzi wa jumba la sanaa London, na wakubwa wake wamechoka naye. Wanampeleka Los Angeles, ambako wenyeji wanamdhania kuwa Dakta Bean, bingwa wa michoro. Jumba la huko linaupokea mchoro maarufu wa mama yake Whistler, ulionunuliwa kwa dola milioni 50. Anaachwa nao peke yake. Anaupigia chafya. Anaupangusa kwa kitambaa cha mfukoni kilicholowa wino, na uso wa mama wa watu unabaki na doa la buluu. Anatafuta dawa stoo, anaipata thina, na thina inafanya kazi inayojulikana na kila fundi rangi: doa linatoka, uso unatoka nalo. Anauchora upya kwa mkono wake, uso wa katuni. Baadaye anajipenyeza usiku, mlinzi akiwa ameshalishwa dawa ya kuharisha, anaweka bango la dukani mahali pa mchoro, akilipaka ute wa yai ili ling'ae.

Siku ya uzinduzi wapo waandishi wa habari, yupo jenerali aliyetoa fedha, wapo wageni waliovaa wakapendeza. Dakta Bean anaitwa aseme neno. Anajitambulisha kwa cheo hicho, akiongeza kwamba ndivyo inavyoonekana. Anasema kazi yake ni kukaa na kutazama michoro. Ni kweli tupu, kwa kuwa mlinzi wa jumba la sanaa hafanyi kingine. Halafu anatoa uchambuzi wake wa kwanza: mchoro huu ni mkubwa, na hilo ni jambo jema sana, kwani ungekuwa mdogo wa kutazamwa kwa hadubini karibu watu wote wasingeuona.

Hapo niliisimamisha filamu nikaenda kutafuta vipimo vya mchoro wa kweli, ambao haukuuzwa Marekani hata siku moja na uko Musée d'Orsay, Paris. Kimo chake ni sentimita 144, upana sentimita 162. Mtu mzima akisimama mbele yake na kunyoosha mikono, ncha za vidole vyake zinafika ukingo hadi ukingo. Ni mkubwa kweli. Bean ametaja kile ambacho macho hukutana nacho kwanza, na ambacho msomi angekiruka haraka afike kwenye maneno yake.

Kisha anauliza kwa nini mtu atoe mamilioni yote hayo. Anajijibu: kwa sababu ni picha ya mama yake Whistler. Amekaa nyumbani kwa rafiki yake David, ameona kwamba familia ni kitu kikubwa. Na Whistler, ijapokuwa alijua kabisa kwamba mama yake ni kizee kisichotazamika, chenye sura ya mtu aliyekalia miiba, hakumtupa. Alibaki naye, tena akachukua muda wake kumchora. Kwa hiyo huu si mchoro tu, ni sura ya bikizee ambaye mwanawe alimpenda kuliko chochote. Hayo ndiyo mawazo yake, basi. Ukumbi unalipuka kwa makofi.

James McNeill Whistler alimchora mama yake, Anna, mwaka 1871, London, mama akiwa na miaka 67 na akiishi na mwanawe. Mchoro aliupa jina lisilomtaja mama: Mpangilio wa Kijivu na Cheusi, Namba 1. Baadaye akaandika kwamba kwake yeye ni picha ya mama, lakini inawahusu nini watazamaji aliyechorwa ni nani? Watazame rangi zilivyopangwa. Serikali ya Ufaransa iliununua mwaka 1891, na dunia haikumsikiliza mchoraji. Mpaka leo mchoro unaitwa kwa mama. Bean, bila kusoma kitabu, anasimama mbele ya wasomi na kuwasemea wale watazamaji wa kawaida ambao Whistler aliwakatalia. Je, waandishi wa filamu, Richard Curtis na Robin Driscoll, walijua kwamba wanamjibu Whistler? Mkono wa Curtis nausikia humo. Ndiye aliyeandika Four Weddings and a Funeral ya mwaka 1994, filamu iliyojaa watu wanaosimama mbele za watu kusema neno la harusi au la msiba.

Lakini kinywa ni cha Rowan Atkinson, na huyu ndiye wa kusikilizwa. Mwaka 1992 alitengeneza kipindi cha runinga cha kufundisha uchekeshaji wa mwili, yeye mwenyewe akiwa mhadhiri. Alieleza kwamba mtu au kitu huchekesha kwa njia tatu: kikitenda kisichotarajiwa, kikiwa mahali kisipotarajiwa, au kikiwa na ukubwa usio wake. Tangu nisikie somo hilo siwezi kuitazama filamu kwa macho ya zamani. Bean yuko Los Angeles, mahali pasipo pake. Anafanya lisilotarajiwa kabisa, anaongea. Na jambo la kwanza analolisifu ni ukubwa.

Kabla Bean hajaonekana runingani, Atkinson alimpeleka kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Canada, mwaka 1987. Palikuwa na jukwaa la Kiingereza na la Kifaransa. Yeye akataka la Kifaransa. Alitaka kujua kama mwili peke yake unatosha mbele ya watu wasiomwelewa neno. Ulitosha. Vicheko vya basi la Dodoma vilipimwa siku ile.

Hata hivyo, maneno hayakuwa kitu kigeni kwake. Blackadder, mhusika wake wa miaka ya 1980, alikuwa mtu wa ulimi mtupu, akichoma kwa kila sentensi. Tena Atkinson amesema hadharani kwamba ana kigugumizi, na kwamba kinapotea anapovaa mtu mwingine. Mtu wa namna hiyo anajua neno lina uzito gani linapotoka. Ninapomwona Bean akitafuta sentensi inayofuata mbele ya ukumbi uliokaa kimya, siamini kwamba kusitasita kule ni ufundi tu.

Kwa nini lakini aongee? Kipindi kimoja cha runinga kilikuwa cha kama dakika 25. Filamu ni dakika 90. Waingereza wana mazoea ya zamani ya kuvuta vichekesho vya runinga hadi sinema, na njia yao karibu ni ileile: wahusika hutolewa nyumbani, wakasafirishwa. Wauza duka wa Are You Being Served? walipelekwa mapumzikoni Hispania mwaka 1977. Vijana wa The Inbetweeners walipelekwa Krete mwaka 2011. Bean naye alipandishwa ndege.

Safari peke yake haitoshi. Atkinson amekuwa akimweleza Bean kuwa ni mtoto ndani ya mwili wa mtu mzima, na kichekesho cha runinga kinaishi kwa sababu mtoto huyo hajifunzi. Juma lijalo anarudi vilevile, na mdoli wake wa dubu, na gari lake dogo la kijani. Aliyelipa tiketi ya sinema akakaa saa moja na nusu anataka kuona mtu anabadilika. Mwongozaji Mel Smith alimkabidhi kazi hiyo David Langley, anayeigizwa na Peter MacNicol: ndoa inayumba, kazi iko hatarini, pombe inamshika, naye ndiye anayebadilika kwa niaba ya mgeni wake. Runingani Bean karibu hakuwa na mtu. Sinema ilimpa rafiki, na rafiki aliye taabuni anahitaji kutetewa.

Ndiyo maana naiona hotuba ile kuwa ya ujasiri. Ilikuwa rahisi kumwacha aangushe ukumbi mzima, tukacheka, tukaenda nyumbani. Walimwacha aseme, ila wakahakikisha anasema kitoto: anachokiona, anachofikiri, bila haya wala kumsitiri mama wa mwenzake. Mawazo yale angeweza kuyatoa mtoto wa miaka sita.

Nyuma yake, wakati wote huo, limetundikwa bango lililopakwa ute wa yai. Anamsifu Whistler kwa kuchukua muda wake kuchora, naye anasimama mbele ya karatasi ya kiwandani aliyoibandika usiku. Anajua anawadanganya? Amejifunza kweli kuhusu familia, au ameyaokota maneno mezani kwa akina David akayasema kwa kuwa hakuwa na mengine? Uso wa Atkinson nimeusimamisha mara kwa mara nikitafuta jibu. Haukubali kusema.

Filamu iligharimu kama dola milioni 18, ikaingiza takriban milioni 250 duniani. Marekani, ambako hadithi inatokea, ilichangia kama milioni 45 tu. Zilizobaki zilitoka kwa watu wa mataifa mengine, wengi wao wakisoma maandishi chini ya picha au kusikia sauti zilizoingizwa kwa lugha yao. Basi letu halikuwa na hata kimoja. Mitaani kwetu wapo mafundi wa kutia sauti ya Kiswahili juu ya filamu za Kihindi na za Kikorea, na wanazipa uhai mpya. Bean nadhani huachwa kwa kuaminiwa kwamba haongei.

Miaka 10 baadaye Atkinson alirudi na Mr. Bean's Holiday. Safari hii Bean yuko Ufaransa, nchi ambayo lugha yake haijui, na maneno yake yamepunguzwa yakabaki "oui", "non" na "gracias". Ndani yake unauona mkono wa Jacques Tati, ambaye filamu yake ya mwaka 1953 kuhusu mapumziko ya Monsieur Hulot ilimvuta Atkinson tangu alipokuwa shule. Iliingiza takriban dola milioni 230. Ni filamu nyepesi, safi, na abiria wenzangu wangeicheka mwanzo hadi mwisho. Mimi pia naicheka. Ila sijawahi kulala nikiiwaza.

Kwetu jambo hili la kuhamisha vichekesho vya runinga hadi sinema bado bichi. Vioja Mahakamani ya Kenya imeishi miaka mingi ndani ya chumba kimoja, hakimu pale, kizimba pale, mshtakiwa akijitetea kwa dakika chache hadi mbavu zikauma. Akija mtu na fedha za sinema, atawatoa mahakamani awapeleke wapi? Akimfuata mshtakiwa Ondiek hadi kwake, itabidi tujue analala wapi, anadaiwa na nani, anamuogopa nani. Tunamtaka huyo Ondiek? Au tunamtaka yule wa kizimbani tu, ambaye mashtaka yakiisha anatoweka?

Atkinson amewahi kusema kwamba mtu aliyevuka miaka 50 akiendelea na utoto anaanza kutia huzuni, na kwamba kumwigiza Bean kunamchosha. Namwelewa. Lakini huzuni hiyo ilikuwemo tayari mwaka 1997. Mtu asiye na mke wala ndugu anawaeleza wageni kwamba familia ni kitu kikubwa, wanampigia makofi, kisha anarudi London peke yake. Chumbani kwake ametundika mchoro wa kweli, wenye uso wa katuni alioutia mwenyewe. Ameuchukua kwa sababu ni ushahidi wa kuficha, au kwa sababu ni mama, na yeye katika vipindi vyote vile hatukuwahi kuonyeshwa wa kwake?