Kubana Toleo Nusunusu Ndiko Kunakoangusha Seva

Kuanzia tarehe 30 Septemba 2023, watu wengi wanaoandika tovuti kwa lugha ya Python waliwasha seva kwenye kompyuta zao wakakuta haiwaki, ilhali katika programu zao hawakugusa hata nukta. Siku hiyo lilitoka toleo la 3.0 la Werkzeug, maktaba ya programu inayofanya kazi ya chini kabisa: kupokea maombi kutoka kwenye kivinjari na kuyarudishia majibu. Juu ya Werkzeug ndipo ilipojengwa Flask, mfumo mwepesi wa kuundia tovuti uliotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2010 na ambao wanafunzi na ofisi ndogo wanaupenda kwa urahisi wake. Aliyezoea kuona anwani 127.0.0.1 na poti 5000, ishara kwamba seva iko tayari, aliletewa rundo la mistari ya hitilafu. Mstari wa mwisho ulisema kwamba jina url_quote haliwezi kuletwa kutoka werkzeug.urls.

Mtu akikutana na rundo la namna hiyo, mara nyingi hukimbilia kufuta kila kitu na kusakinisha upya, pengine hata Python yenyewe. Bando linakwisha na hitilafu inarudi ileile, kwa sababu pip, chombo kinachopakua maktaba za Python, kitafuata maagizo yaleyale na kuchagua matoleo yaleyale. Rundo hilo linasomwa kuanzia chini kwenda juu. Mstari wa mwisho unataja kilichokosekana, na wa juu yake unataja faili lililokuwa likikitafuta. Hapa faili hilo lilikuwa app.py la Flask yenyewe, ndani ya folda ya site-packages ambako maktaba zilizopakuliwa hukaa. Habari hiyo peke yake ingetosha kumwokolea mtu saa nzima, maana inaonyesha kwamba programu aliyoiandika haina kosa. Maktaba mbili alizozipakua ndizo zisizoelewana. Kinachobaki ni kuzitazama kwa amri ya pip freeze, na jibu liko wazi: Flask ni 2.2.2, Werkzeug ni 3.0.0. Flask hiyo ilitoka Agosti 2022 ikiamini kwamba url_quote ipo. Werkzeug mpya ilikuwa imeiondoa.

Sasa tazama ni nani aliyeumia. Mwenye mradi wa Flask peke yake, ambaye katika faili la requirements.txt, lenye orodha ya maktaba ambazo pip itapakua, aliandika “Flask” tu bila namba, alipakuliwa Flask 3.0 iliyotoka siku hiyohiyo pamoja na Werkzeug 3.0, na seva yake ikawaka. Aliyebana namba za zote mbili, yaani aliyetaja toleo kamili la kila moja, hakuguswa. Aliyeanguka ni yule aliyejitahidi kuwa mwangalifu: aliandika Flask==2.2.2, akaamini kazi imekwisha, na Werkzeug hakuitaja kabisa. Flask 2.2.2 yenyewe ilikuwa imetamka kwamba inahitaji Werkzeug 2.2.2 au iliyo mpya zaidi, bila kuweka ukomo wa juu. Faili hilohilo moja, lisilobadilika herufi, lililetea kompyuta moja Werkzeug ya zamani mwaka 2022 na kuiletea nyingine Werkzeug 3.0 mwaka uliofuata. Ndiyo maana mwenzako anaweza kuapa kwamba kwake inafanya kazi, na akawa anasema kweli. Hata amri ya pip check, ambayo kazi yake ni kukagua kama maktaba zinapatana, ingemjibu kwamba hakuna tatizo: sharti lililotamkwa lilikuwa limetimizwa, kwani 3.0.0 kweli ni mpya kuliko 2.2.2. Ninachokitetea hapa kinatoka kwenye ushahidi huo. Kisichoandikwa katika orodha ya maktaba huamuliwa na tarehe ya kusakinisha, na kubana maktaba unayoiita mwenyewe huku ukiziacha zinazoibeba ni njia mbaya kuliko zote, kwa kuwa kunagandisha upande mmoja na kuuacha wa pili utembee.

Yupo atakayesema: basi tusibane chochote, maana wasiobana chochote walisalimika. Walisalimika kwa bahati ya kuwa na mradi mdogo. Aliyeongeza Flask-Login, maktaba ya kushughulikia watumiaji wanaoingia kwa nywila, aliangukia hitilafu ya ukoo uleule, kwa sababu nayo ilikuwa ikitafuta url_decode, jina jingine lililoondolewa. Toleo lake linaloelewana na Werkzeug 3 lilitoka mwishoni mwa Oktoba. Flask na Werkzeug zinatunzwa na kundi moja, Pallets, kwa hiyo ziliweza kutoka pamoja. Maktaba za watu wengine hazina saa moja ya kuzilia zote.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba lawama ni ya watunzaji, na mtumiaji anabebeshwa mzigo usio wake. Kwa nini Flask haikuweka ukomo wa juu? Hoja hiyo ina uzito, lakini ifuatwe mpaka mwisho. Kila maktaba ikijiwekea ukomo, programu yenye maktaba thelathini itafika mahali ambapo moja inadai Werkzeug isifike 3 na nyingine inadai isiwe chini ya 3, na hakuna mpangilio utakaoziridhisha zote. Mtunzaji wa maktaba haoni maktaba nyingine ulizonazo. Wewe mwenye programu ndiye pekee unayeiona orodha nzima. Onyo nalo lilitolewa. Werkzeug 2.3 ya Aprili 2023 ilitangaza kwamba majina kama url_quote na url_decode yako njiani kuondoka, na namba ya kwanza kupanda kutoka 2 hadi 3 ni ishara inayojulikana ya mabadiliko yanayovunja. Ninaowalaumu ni waundaji wa Python, kwa uamuzi mmoja: kwa kawaida lugha hiyo huficha maonyo ya aina hii yanapotokea ndani ya maktaba, hivyo mtu anaweza kutembea nayo miezi bila kuyaona. Kuyafichua ni kuwasha programu kwa python -W default, na ni jambo linalostahili kufundishwa katika somo la kwanza la Flask.

Wengine wanaogopa kwamba kubana kila kitu ni kuhifadhi udhaifu wa usalama. Hofu hiyo naiheshimu. Oktoba hiyohiyo ya 2023 Werkzeug ilitoa 3.0.1 kuziba udhaifu ulioweza kutumiwa kuielemea seva kwa faili zinazopakiwa, na aliyebaki kwenye 2.2.2 hakuupata ulinzi huo. Madhara ya kuchelewa yanajulikana: kampuni ya Equifax ya Marekani iliacha kuziba udhaifu wa Apache Struts, mfumo mwingine wa kuundia tovuti, uliopata dawa Machi 2017, wavamizi wakaingia Mei, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaibwa. Lakini kubana hakumaanishi kutelekeza. Tena orodha kamili husaidia kuugundua udhaifu: ule wa maktaba ya Log4j ulipotangazwa Desemba 2021, sehemu kubwa ya hangaiko ilikuwa kujua kama maktaba hiyo imo, kwani mara nyingi ililetwa na maktaba nyingine. Mwenye orodha kamili anatafuta jina na kulipata papo hapo. Asiye nayo anaanza kuchimba.

Kwa mwanafunzi mwenye mradi mmoja haya yote hayazidi amri chache. Anaunda mazingira ya pekee ya mradi kwa python -m venv, anasakinisha anachohitaji, kisha anaandika matokeo ya pip freeze katika requirements.txt. Asiruke hatua ya mazingira, la sivyo orodha itajaa maktaba za miradi mingine iliyo kwenye kompyuta. Kusasisha kunafanyika siku aliyoichagua yeye, katika mazingira ya pili: anapandisha matoleo, anawasha seva akiwa amefungua maonyo, anajaribu kurasa zake, na zikifanya kazi orodha mpya inachukua nafasi ya ya zamani. Kwa seva iliyokwisha kuanguka leo kwa hitilafu ya url_quote, kuandika Werkzeug==2.2.2 chini ya Flask==2.2.2 na kusakinisha tena kwa kawaida kunaiwasha mara moja, na kunampa mwenye seva nafasi ya kuhamia Flask 3 kwa utulivu. Kama msimbo wake mwenyewe unaita url_quote, mbadala wake ni quote iliyomo katika urllib.parse, ambayo huja na Python yenyewe na haihitaji kupakuliwa.