Madoa ya Lami na Mpira Kwenye Rangi ya Gari: Petroli si Dawa



Barabara inapotiwa lami mpya, matone meusi huruka kutoka kwenye magurudumu yakanasa chini ya milango, kwenye madigadi na nyuma ya gari. Na huko karakana, gari likijisugua kwenye tairi la trekta, hubaki mchirizi mweusi wa mpira. Aghalabu gari lenyewe ni la meneja au la ofisi, na linatakiwa ling'ae kabla ya safari. Anayeitwa ni utingo, mwoshaji au kibarua wa karakana. Hupewa tambara na kopo la petroli, akaambiwa afanye haraka.

Makala hii inaeleza kwa nini kopo lile lirudishwe bohari, na jinsi kazi hiyo inavyofanywa bila mtu kuungua na bila rangi kuchubuka. Jambo lenyewe laonekana dogo. Lakini anayelifanya vibaya hupata hasara mara mbili: afya yake huumia, na rangi ikiharibika, anayedaiwa ni yeye.

UBAYA WA PETROLI

Lami ni masalio mazito ya mafuta yanayochimbwa ardhini. Maji na mafuta havipatani, kwa hiyo sabuni na maji huondoa tope la juu tu, lami ikabaki. Kinachoilainisha ni mafuta mwenzake. Ndiyo sababu watu hukimbilia petroli, na ni kweli kwamba petroli huyeyusha lami. Hilo hatulibishi. Ubaya wake uko katika mambo matatu.

Kwanza ni moto. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata penye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, seuze katika joto letu. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Haupandi juu kama moshi, bali hutambaa sakafuni mpaka ukutane na jiko la mkaa, sigara au cheche za mtu anayechomelea. Hapo moto hurudi kwa njia ile ile hadi kwenye kopo na mikono ya aliyelishika.

Pili ni sumu. Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzini, ambayo huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi. Mtu akiivuta kwa miaka mingi, hudhuru uboto wa mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na yaweza kuleta saratani ya damu. Mwaka 1971 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 136 kuhusu benzini. Mkataba huo unakataza kuitumia benzini kama kiyeyusho, isipokuwa pale inapofungiwa ndani ya mitambo au panapokuwa na njia nyingine yenye usalama ule ule.

Tatu, petroli hukauka upesi mno. Kabla lami haijalainika sawasawa, petroli imekwisha ruka. Mfanyakazi huongeza nguvu, na vumbi lililonaswa ndani ya lami hukwaruza rangi kama msasa. Tina nayo ni mbaya zaidi, maana huyeyusha rangi yenyewe, hasa kwenye gari lililopigwa rangi upya. Kumbukeni kwamba rangi yote ya gari, tabaka zote pamoja, unene wake ni kama karatasi moja au mbili tu.

NAMNA YA KUONDOA LAMI

1. Weka gari kivulini, penye hewa, mbali na moto wowote. Ngoja bati lipoe. Bati la gari jeusi lililokaa juani laweza kupita nyuzi 60. Mafuta ya taa huanza kutoa mvuke wa kushika moto kuanzia nyuzi 38 hivi. Yakipakwa kwenye bati lenye moto, usalama wake umekwisha.

2. Osha kwa maji mengi na sabuni isiyo kali, mchanga wote uondoke. Kausha.

3. Jaribu dawa yako kwanza mahali pasipoonekana. Ngoja dakika tano. Rangi ikififia au ikihamia kwenye tambara, acha.

4. Anza na mafuta ya kupikia. Loweka pamba au kitambaa laini, ukibandike juu ya doa kwa dakika 10 hadi 15. Njia hii ni ya polepole, lakini haina mvuke wa sumu. Doa likikataa, tia mafuta ya taa kidogo kwenye tambara, usiyamwage juu ya gari, na uliache juu ya doa kwa dakika moja au mbili.

5. Lami ikilainika, ifute taratibu kama unayeiokota, si kama unayesugua sufuria. Geuza tambara kila mara upate upande safi. Afadhali kurudia mara tatu kuliko kutumia nguvu mara moja. Usitumie kisu, wembe, msasa, chuma cha kusugulia sufuria wala sabuni ya unga.

6. Osha tena kwa sabuni, suuza, kausha, kisha paka nta ya gari, kwa sababu mafuta huondoa nta iliyokuwapo.

ALAMA ZA MPIRA

Pitisha ukucha polepole juu ya mchirizi. Ukucha ukiteleza, mpira umelala juu ya rangi tu. Tumia mafuta ya taa kwa namna ile ile ya lami. Kivuli kikibaki, malizia kwa dawa laini ya kung'arishia rangi ya gari, kwa mkono mwepesi, kwani dawa hiyo nayo hula rangi kidogo.

Ukucha ukinasa, hapo pana mkwaruzo. Hiyo si kazi ya mwoshaji, ni kazi ya fundi wa rangi. Mwite msimamizi autazame kabla hujagusa kitu, na mwenzako awepo akishuhudia. Mkwaruzo ukionekana kwanza baada ya kuosha, utaambiwa umeufanya wewe.

MIKONO NA MATAMBARA

Mafuta ya taa si maji. Huondoa mafuta ya asili ya ngozi, ikakauka, ikapasuka na kuwasha. Vaa glovu zinazostahimili mafuta. Zile nyembamba za mpira wa kawaida hulainika na kutoboka. Ukimaliza, nawa kwa sabuni, wala usile kabla ya kunawa.

Usivute mafuta kwa mdomo kwenye mrija. Yakiingia mapafuni huleta ugonjwa mkali. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, apelekwe hospitali mara moja. Na mafuta yasiwekwe kwenye chupa ya soda, maana mtoto au mwenzako mwenye kiu atainywa.

Matambara yaliyotumika yasirundikwe pembeni. Yale yenye mafuta ya kupikia yakilundikana huweza kupata joto yenyewe mpaka yakawaka. Yatiwe kwenye debe la bati lenye kifuniko, nje ya bohari. Wala mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, kwani mitaro yetu huishia kwenye mito tunakochota maji.

HAKI YAKO

Glovu, matambara safi na mahali penye kivuli ni vifaa vya kazi kama panga la mkata miwa. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tena mwaka 2022 Shirika hilo liliamua kwamba usalama na afya kazini ni haki ya msingi, inayopasa kuheshimiwa na nchi zote wanachama, hata zile ambazo hazijauridhia mkataba huo.

Kwa hiyo ukipewa kopo la petroli, usigombane na msimamizi wala usinyamaze. Mwambie kwa heshima kwamba ipo njia isiyounguza mtu na isiyoharibu gari, ukamweleze kama ilivyoandikwa hapa. Akikataa, mpelekee habari mjumbe wa chama katika tawi lako, naye aipeleke kwa uongozi ikiwa ni neno la wafanyakazi wote wa karakana. Gari likichubuka hupigwa rangi nyingine. Mkono ulioungua hauna duka la kununulia mwingine.